Wimbo Hubeba Maneno, Mwalimu Hufungua Mzigo

Ndugu wanachuo, kila walimu wanapokutana kuzungumzia njia za kufundishia, hayakosi kuzuka mabishano juu ya kuimbisha darasa. Wako wanaoshikilia kwamba watoto wanaoimba tebo ya saba kwa sauti moja, au wanaoimba ba-be-bi-bo-bu kutwa nzima, wamekwisha kugeuzwa kasuku, na kwamba desturi hiyo yafaa ifutwe kabisa. Wako wengine wanaojibu kwamba mtoto aliyejifunza kwa kuimba hasahau, na kwamba mwalimu mwenye watoto themanini na vitabu kumi hana zana iliyo karibu zaidi kuliko sauti za watoto wenyewe. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeuliza nusu ya swali. Swali si kama darasa liimbe au lisiimbe. Swali ni hili: wimbo umepewa kazi gani, na kazi gani imebaki kwa mwalimu?

Ili kulipima jambo hili, yafaa tuwatazame watu waliolitumia kwa muda mrefu kuliko karibu watu wote wengine, nao ni walimu wa maandiko matakatifu ya Wahindu yaitwayo Veda. Veda ni nne. Ya kwanza, Rigveda, ina nyimbo 1,028, na wataalamu wengi hukadiria kwamba ilitungwa kati ya mwaka 1500 na mwaka 1000 hivi kabla ya Kristo. Nyingine, Samaveda, ina beti zipatazo 1,875, nazo karibu zote zimetoka katika Rigveda. Zisizotoka humo ni kama 75 tu. Basi thamani ya Samaveda haimo katika maneno mapya, bali katika sauti. Ni maneno yale yale yaliyotiwa mahadhi ili yaimbwe wakati wa ibada. Kwa karne nyingi maandiko hayo yalihifadhiwa kwa vinywa na masikio, mwalimu akimpokeza mwanafunzi, na hata leo wako wanaoyapokea kwa njia hiyo. Mwaka 2003 UNESCO ililitangaza pokeo hilo kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa wanadamu.

Msomaji aliyeko Tabora asidhani kwamba mambo haya hayamhusu. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, mwezi Novemba mwaka 1857, waliikuta njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji imekwisha kukomaa. Nguo, shanga na nyaya zilizopita katika njia ile zilitolewa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi waliokaa Unguja. Mmoja wao alikuwa Ladha Damji, Banyani wa dini ya Kihindu, aliyesimamia forodha ya Unguja kwa niaba ya nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Baadaye, mwaka 1903, chama cha Arya Samaj, ambacho huziweka Veda mbele ya maandiko mengine yote, kilianzishwa Nairobi. Kwa hiyo watu wa mapokeo haya ni jirani zetu wa siku nyingi.

Tena njia ile ile ilikuwa na chuo chake cha nyimbo. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea safu moja, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi begani au kichwani, na kirangozi mbele yao. Kirangozi akitoa sauti, safu nzima huitikia. Wimbo ulipatanisha hatua, ukapunguza uchovu, ukawafanya watu wengi kuwa mwendo mmoja. Lakini wimbo haukuijua njia. Aliyeijua njia ni kirangozi. Tulishike neno hili, maana tutalirudia.

Sasa tuwaangalie walimu wa Veda walivyofanya kazi. Hawakuridhika na kuimba kutoka mwanzo hata mwisho. Walijua kwamba mwimbaji huweza kuchukuliwa na mahadhi kama jani lichukuliwavyo na maji, akafika mwisho bila kujua amepita wapi. Basi waliyavunja maneno na kuyaunganisha upya kwa namna mbalimbali. Tuchukue sentensi yetu wenyewe: «Mvua inanyesha Tabora leo.» Namna ya kwanza ni kulitaja kila neno peke yake: mvua, inanyesha, Tabora, leo. Namna ya pili ni kuyafunga mawili mawili kama mnyororo: mvua inanyesha, inanyesha Tabora, Tabora leo. Namna ya tatu ni kwenda mbele, kurudi nyuma, na kwenda tena: mvua inanyesha, inanyesha mvua, mvua inanyesha. Ziko namna nyingine zilizo ngumu kuliko hizi, ambazo huyachukua maneno matatu pamoja. Aliyepita katika mazoezi hayo huweza kushikwa popote katikati ya wimbo, akalitaja neno linalofuata na lililotangulia.

Hebu tulinganishe na darasa letu. Mtoto anaimba tebo ya saba vizuri, tangu saba mara moja hata saba mara kumi na mbili. Mwulize saba mara nane ni ngapi: atanyamaza, kisha utaona midomo yake ikicheza, maana ameanza tena kutoka saba mara moja. Mtoto huyu hajaijua tebo. Ameujua wimbo wa tebo. Walioutetea wimbo wamesema kweli kwamba hakusahau, na walioulaumu wamesema kweli kwamba hakujua. Dawa yake haikuwa kumnyamazisha. Dawa yake ilikuwa kuuvunja wimbo: kuanzia katikati, kurudi nyuma, kundi moja kuuliza na kundi jingine kujibu, na kumshika mtoto mmoja mmoja pasipo mpango anaoujua.

Jambo la pili ni uangalifu wa matamshi. Katika Veda sauti hupanda na kushuka kwa kanuni, na kuikosea ni kuikosea maana. Husimuliwa kisa cha Tvashtri, aliyetaka kupata mwana wa kumwua Indra. Katika kuomba, akaliweka mkazo mahali pasipo pake, na neno lililokusudiwa kuwa «mwenye kumwua Indra» likawa «mwenye kuuawa na Indra». Nayo yakatokea hayo. Kiswahili nacho kina mtego wa namna hiyo. Tukikaza sauti katika silabi ya pili kutoka mwisho, «barabara» ni njia kuu. Tukiikaza katika silabi ya tatu kutoka mwisho, «barabara» ni sawasawa. Mwalimu anayetunga wimbo wa darasa na kuyapindisha maneno ili yaingie katika mahadhi huwafundisha watoto kusema vibaya kwa furaha. Basi mahadhi yayafuate maneno, wala maneno yasiyafuate mahadhi.

Jambo la tatu laonekana katika vitabu vya Samaveda vyenyewe. Katika kuimba, maneno hurefushwa, hurudiwa, na hutiwa silabi zisizo na maana, hata msikilizaji mgeni asiweze kuyatambua. Kwa sababu hiyo waliweka vitabu mbali mbali: kimoja cha maneno matupu, na vingine vya nyimbo. Nasi tufanye vivyo hivyo. Darasa linapoimba, maneno yawe ubaoni, yameandikwa wazi, na kidole cha mtoto kipite juu yake. Si mara moja tumesikia watoto wakiimba wimbo wa herufi bila kujua herufi moja yaishia wapi na nyingine yaanzia wapi.

Hata hivyo, yote hayo ni ulinzi wa maneno, wala si maana. Wahindu wa kale wenyewe waliliona hilo. Yaska, mtaalamu wa kale aliyeandika juu ya asili ya maneno ya Veda, ametaja pokeo linalomfananisha mtu aliyejifunza Veda bila kujua maana yake na nguzo iliyobebeshwa mzigo. Huo ni ukali mkubwa, nao umetoka ndani ya mapokeo yenyewe, si kwa wapinzani wake. Nguzo haiangushi mzigo, lakini haiufungui pia. Mpagazi wa Tabora alikuwa bora kuliko nguzo: alijua ujira wake, alijua kambi za njiani, na mara nyingi alijua thamani ya nguo aliyoibeba. Mtoto wetu asiwe chini ya mpagazi huyo.

Pengine mtu atasema kwamba katika madrasa za hapa Tabora mtoto husoma Kurani kwa hukumu za tajwidi kabla ya kujua Kiarabu, na hakuna anayelaumu. Twajibu kwamba kila kisomo kina shabaha yake. Kwa Mwislamu kisomo chenyewe ni ibada, kama mahadhi ya Samaveda yalivyo sehemu ya ibada kwa Mhindu; basi hata kabla ya maana kufahamika, kazi moja imekwisha kutendeka. Tebo ya saba si ibada. Kazi yake ni kumwezesha mtoto kujua bei ya magunia saba ya mpunga, na asiyejua hivyo hajapata kitu. Kwa ajili hiyo hiyo twaonya kwamba mwalimu asiyachukue maneno matakatifu ya dini yoyote kuwa mazoezi ya koo darasani. Njia twaweza kuiazima; maneno tuwaachie wenyewe.

Liko neno moja ambalo hatuliazimi. Kwa muda mrefu kisomo cha Veda kilikuwa haki ya wanaume wa tabaka za juu. Wanawake na watu wa tabaka la chini walizuiwa. Nchi yetu ilichagua njia nyingine: katika Azimio la Musoma la mwaka 1974 iliamuliwa kwamba elimu ya msingi iwe ya watoto wote, na mwaka 1977 mpango huo ukaanza kutekelezwa. Kuimba pamoja kwafaa sana katika elimu ya wote, maana hata mtoto mwenye haya hupata pa kuificha sauti yake. Lakini mahali pa kujificha ndipo pia mtoto asiyejua asipoonekana. Mwalimu anayeridhika na sauti ya wengi amewasahau wale wanaofungua kinywa tu.

Basi, ndugu wanachuo, mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, msiogope kuimbisha darasa, wala msidhani kwamba mkiisha kuimbisha mmekwisha kufundisha. Katika kila andalio la somo lenye wimbo, andikeni mambo mawili: wimbo utavunjwa wapi, na maana itafunguliwa kwa swali gani. Asiyeweza kuyajibu hayo auache wimbo siku hiyo. Wimbo utawapatanisha watoto hatua, kama ulivyowapatanisha wapagazi. Kuijua njia ni wajibu wa anayetangulia.