Bomba la Inchi Nne
Mvua za Katavi huanza mnamo Novemba na kuishia Aprili, na zikishika kasi, vivuko vya mitaro ya mashamba huko Kabungu humuumbua aliyenunua bomba kwa kutazama bei tu. Bomba la PVC la inchi 4, lile la maji taka ya nyumbani, hulazwa chini ya njia ya trekta na kufukiwa kiganja kimoja cha udongo. Gurudumu hulipasua, mabua ya mahindi huliziba. Mwenye shamba atasema bomba kubwa ni ghali. Kweli, lakini maji hayapangi foleni: kwa mteremko uleule, la inchi 8 hupitisha zaidi ya mara sita ya la inchi 4, si mara mbili kama wengi wanavyodhani. Wengine hudai plastiki haina nguvu, heri zege. Nguvu ya bomba la plastiki hutoka kwenye udongo ulioshindiliwa ubavuni mwake, pamoja na walau sentimita 30 za udongo juu yake. Bomba lenye vitundu libaki shambani kunyonya unyevu. Kivukoni litavujisha maji yatakayokula udongo hadi njia ititie. Asiye na nafasi ya kushindilia aweke kalavati ya zege. Mwenye nafasi hiyo anunue plastiki yenye mikunjo, na akiba aitie kwenye kipenyo.