Kazi ya Msaidizi wa Meno Isidharauliwe



Vijana wetu wa Igurwa wakiulizwa wataka kuwa nani baada ya masomo, majibu yao twayajua: daktari, mwanasheria, rubani. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema, "Nataka kuwa msaidizi wa daktari wa meno." Mimi ni mzazi mwenye mtoto katika Kidato cha Pili, na kazi hiyo nimeifanya miaka 9 katika hospitali moja ya mkoa huu. Nasema yadharauliwa bure.

Wapo wanaosema, "Huyo ni mshika taa tu." La hasha! Kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi, vyombo vyote hupaswa kuwa vimesuguliwa kwa brashi na sabuni, kisha vimetiwa katika mashine ya mvuke yenye joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Msaidizi akilipua kazi hiyo, homa ya ini au virusi vya UKIMWI vyaweza kutoka kinywa hiki vikaingia kile, hata daktari awe hodari namna gani. Dawa ya kuziba jino nayo huchanganywa kwa kipimo, unga na maji yake, chini ya dakika moja, ukikawia, huganda. Hapo ndipo Kemia na Biolojia zinapokuwa na faida.

Tena, mgonjwa akiiogopa sindano ya ganzi, msaidizi ndiye amtulizaye kwa Kinyambo. Na mama akisema mtoto mwenye homa ana "meno ya plastiki" yapasayo kuchokolewa kwa kisu, msaidizi ndiye awezaye kumweleza, akasikilizwa, kwamba hayo ni meno ya utoto yanayotaka kuota, na kwamba homa itibiwe zahanati.

Iko na sababu kubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba meno bila mashine ya umeme: uozo huondolewa kwa vyombo vya mkono, na tundu likazibwa papo hapo. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa. Basi jino laweza kuzibwa hata katika darasa lisilo na umeme, mradi wawepo tabibu wa meno na msaidizi ajuaye kazi yake. Lakini sisi twangoja hata shavu livimbe, ndipo twatafuta gari la Kayanga, na jino hung'olewa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jino la ukubwani likishang'oka, ukuta huo haujengeki.

Sikatai kwamba mshahara ni mdogo, na mgongo huuma kwa kusimama kutwa. Wala msaidizi hana ruhusa ya kung'oa jino. Atakaye kupanda, na aende chuo cha matabibu wa meno, kama kile cha Tanga au cha Mbeya. Atafika huko akiwa na mikono iliyokwisha kuzoea kazi.

Basi, walimu, mnapowashauri wanafunzi juu ya kazi, itajeni na hii. Wazazi wenzangu, tusimcheke mtoto aichaguaye. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba daktari mmoja asiye na msaidizi hawezi kuimaliza foleni ya asubuhi moja.