Je, Simu Yaweza Kumpunguzia Mlezi Mzigo?

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana mtu apitaye Kabanga, mwendo mfupi kutoka mji wa Kasulu, huweza kuona hospitali ya misheni, chuo cha ualimu na shule ya msingi, asitambue mzigo waliobebeshwa baadhi ya walezi waliopata kuishi mahali hapo. Shule ya Kabanga ni miongoni mwa zile zilizopokea watoto wenye ualbino kufuatia wimbi la mauaji lililojulikana sana tangu mwaka 2007. Watoto waliletwa kutoka vijijini ili wapate ulinzi. Baadhi ya akina mama walikuja na watoto wao wachanga mgongoni, wakaacha nyuma mashamba na jamaa zao. Mtoto alipata ukuta wa kumkinga. Mama yake je, alipata nini?

Swali hili si la huruma tu, bali ni la sayansi pia. Mwili wa binadamu umejengwa uweze kukabili hatari ya ghafla. Ubongo ukitambua tishio, hupeleka ujumbe kwenye tezi zilizo juu ya figo, nazo humimina katika damu homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, na misuli huwa tayari kwa kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, mambo hurejea kama yalivyokuwa. Lakini mlezi ambaye kila usiku hutega sikio asikie kama kuna kishindo cha mguu nje, hana saa ya kuambiwa kwamba hatari imekwisha. Hali hiyo ikidumu, usingizi hupotea, kumbukumbu hudhoofu na hasira huwa karibu. Mwisho wake anayeumia ni yule yule mtoto aliyekusudiwa kulindwa, kwa maana mzazi aliyechoka hupiga upesi na hucheka kwa nadra.

Juu ya hofu huongezwa lawama. Mara nyingi mama ndiye anayetuhumiwa kuleta mkosi katika ukoo, ilhali ualbino wa aina iliyoenea Afrika Mashariki hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba na mama waweza kuwa na ngozi nyeusi kama majirani zao, na kila mmoja akawa amebeba jeni moja ya ualbino. Hapo kila mimba yao huwa na nafasi 1 kati ya 4 ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Mwalimu wa baiolojia aandikaye hesabu hiyo ubaoni huenda hajui kwamba anafanya pia kazi ya tiba.

Siku hizi wapo wanaosema kwamba walezi wa namna hii wasaidiwe kwa tiba ya maongezi ipitayo katika mtandao. Wazo hili halifai kupuuzwa. Wataalamu wa magonjwa ya akili ni wachache mno nchini Tanzania, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Hospitali ya Mirembe, ambayo jina lake ni mashuhuri kwa tiba hiyo, iko Dodoma, mamia ya kilomita kutoka Kasulu. Aidha, utafiti uliofanywa katika nchi tajiri umeonyesha kwamba tiba ya kurekebisha fikra na mwenendo huweza kupunguza huzuni na wasiwasi hata ikitolewa kwa intaneti. Lakini utafiti huo huo umefunza jambo la pili: mgonjwa akiachwa peke yake na mashine, huacha njiani kwa urahisi. Hudumu zaidi akiwa na mtu wa kumfuatilia.

Basi kosa lingekuwa kuichukua tiba hiyo kama ilivyo na kuipeleka katika milima ya Buha. Maongezi ya picha yahitaji simu ya bei kubwa, mtandao usiokatika, umeme, na chumba cha faragha. Mama anayelala chumba kimoja na watoto wanne hana faragha, na katika nyumba nyingi simu ni moja, nayo hukaa mfukoni mwa baba. Zaidi ya hayo, uchungu husemwa kwa lugha ya nyumbani. Mama wa Kiha ajuaye Kiswahili cha sokoni huenda asipate neno la Kiswahili la kueleza jinsi moyo wake unavyomlemea.

Mifano ya kufuatwa iko karibu zaidi. Mjini Nairobi, utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa jamii, wasio madaktari, waliweza kuwapunguzia mateso ya akili wanawake kwa vikao 5 vya mafunzo yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Katika makazi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake wakimbizi kutoka Sudani Kusini walikusanyika kwa makundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao, huku wakitazama kitabu cha picha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua. Hapo chombo kilibeba sauti ya mtaalamu, na binadamu akabaki kuwa mwenyeji wa kikao. Njia hiyo yaweza kufaa Kabanga, na hata kambi ya Nyarugusu wilayani humo, iliyofunguliwa mwaka 1996, ambako wako walezi waliokimbia vita vya Kongo na machafuko ya Burundi.

Lipo, hata hivyo, sharti moja lisilo na mjadala, nalo ni siri. Mahali pengine siri ya mgonjwa ikivuja, matokeo yake ni aibu. Kwa mama wa mtoto mwenye ualbino, habari ya mahali alipo mtoto yaweza kuwa uhai au kifo. Kwa hiyo chombo chochote kinachohifadhi majina, namba za simu, au mahali simu ilipo, hakistahili kufika mikononi mwake mpaka ijulikane waziwazi nani huzitunza habari hizo, kwa muda gani, na nani aweza kuzisoma. Asiyeweza kujibu maswali hayo na arudi na mashine yake.

Watatokea watu wa kusema kwamba akina mama hawa wanahitaji usalama, chakula na shamba, wala si maongezi. Wana haki kwa sehemu. Ushauri hauzuii panga, wala haujazi chungu. Mradi wowote utakaotoa maongezi ili kukwepa kutoa ulinzi ni udanganyifu. Lakini mama asiyelala hawezi kulima vema, wala kumlea mtoto kwa utulivu, hata akipewa hilo shamba. Mambo haya mawili hayashindani, huenda pamoja.

Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza haimngoji fundi wa mitambo. Mwalimu ndiye amwonaye mtoto kila siku, na mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua kwamba mzazi amebadilika: haji tena shuleni, hasikii anapoitwa, au humpiga mtoto kuliko zamani. Mwalimu huyo akijua kusikiliza bila kulaumu, kutunza siri, na kumwelekeza mzazi hospitalini, tayari amefungua mlango. Simu na ije baadaye, ipite katika mlango huo.