Eti Nani Kakuandikia?

Vijana wenzangu, leo sikuja kubembeleza mtu. Nataka tugombane, tena hadharani, juu ya santuri moja ya mwaka 1984 na swali moja ambalo limezeeka lakini halitaki kufa.

Santuri ni The Glamorous Life ya Sheila E., mpiga ngoma na mwimbaji wa Oakland, California. Ilitoka Juni 1984. Swali ni hili: "Lakini si Prince ndiye aliyemtungia?"

Kila nikiipiga mbele ya washikaji, hazipiti dakika mbili kabla mtu hajalitoa, tena kwa tabasamu la aliyekamata mwizi. Basi mazungumzo yamekwisha. Ngoma hazizungumzwi tena. Tunaanza kumzungumza Prince.

Uchungu wa swali hilo naujua kwa sababu nami nimeulizwa. Nilisoma hadithi yangu mbele ya kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Nilipomaliza, swali la kwanza halikuhusu mhusika, halikuhusu lugha, halikuhusu mwisho. Lilikuwa: "Dada, eti nani kakuandikia?" Watu wakacheka. Kijana aliyenitangulia alikuwa amesema kwa mdomo wake kwamba mwalimu wake alimpitishia kalamu nyekundu ukurasa kwa ukurasa. Yeye aliambiwa ana bahati ya kupata mlezi. Mimi nikaombwa ushahidi.

Haya, turudi kwenye santuri, na tuanze na ukweli usiotupendeza. Ndiyo, Prince aliutunga wimbo uliobeba jina la albamu. Ndiyo, alikuwa studio, alipiga vyombo vingi, na kwenye jalada akajificha nyuma ya jina la The Starr Company. Hata mwaka 2019, miaka mitatu baada ya kifo chake, ilitoka albamu iitwayo Originals, ambamo anasikika akiuimba wimbo huohuo kwa sauti yake. Wapinzani wangu wakashangilia: umeona sasa?

Nimeona. Na nimesikia pia, jambo ambalo wengi wao hawakujisumbua kulifanya. Kutunga wimbo ni kazi moja. Kuupiga hadi ukawa mwili wa mtu ni kazi nyingine. Na kazi hiyo ya pili Sheila hakuanza kuifanya alipokutana na Prince.

Baba yake ni Pete Escovedo, mpiga ngoma za Kilatini aliyewahi kupiga na Santana. Mzee Tito Puente, mfalme wa timbale, alikuwa baba yake wa ubatizo. Binti alikulia katikati ya ngozi na vijiti. Kabla ya santuri hii alikwisha rekodi na baba yake katika miaka ya 1970, na akapiga katika bendi ya George Duke, ambako mtu asiyejua kazi hakai hata wiki. Mwaka 1984 alikuwa na miaka 26 na mikono iliyokwisha komaa. Hakuokotwa njiani, jamani.

Sasa sikilizeni kilichomo ndani. Katika fanki, kila mtu anajua pa kukutania: pigo la kwanza. Besi, dramu, gitaa, wote wanatua hapo kwa pamoja, puu! Ngoma za Kilatini zina tabia nyingine. Besi ya salsa inapenda kulikwepa pigo hilo, inatangulia kidogo, na ngoma zinajaza nafasi iliyobaki. Ukiziweka tabia hizi mbili chumba kimoja bila msuluhishi zitapigana. Juu ya hapo, chini ya nyimbo za Prince za miaka ile kuna mashine ya ngoma ya Linn, isiyochoka wala kuchelewa. Imesimama kama askari wa gwaride.

Msuluhishi ni timbale. Hizi ni ngoma mbili fupi za chuma, zenye ngozi juu tu, zinazopigwa kwa vijiti, na pembeni yake kengele. Fimbo ikigonga ngozi inalia vingine, ikigonga ubavu wa chuma inalia vingine. Sheila anaimba ule wimbo wa mwanamke anayetamani maisha ya fahari, halafu anaacha maneno na kuanza kugonga. Mashine inabaki palepale. Mkono wake unaivuta, unaitangulia, unaichelewesha makusudi. Askari wa gwaride anaanza kutikisa kiuno. Kwenye albamu wimbo unakaribia dakika tisa, na hapo ndipo ngoma zinapata uwanja. Toleo la redio lilikatwa likawa chini ya dakika nne, likafika nafasi ya 7 kwenye chati ya Billboard. Wengi wanaomhukumu Sheila wanalijua hilo lililokatwa tu.

Sisemi albamu nzima ni dhahabu. Nyimbo ni sita tu, na Shortberry Strawcake, ambayo karibu haina maneno, inanichosha. Sauti yake ya kuimba si kubwa, na mahali pengine unasikia anaifuata njia aliyochorewa. Huo ni uhakiki, na ninaupokea. "Nani kamtungia" si uhakiki. Ni njia ya kukwepa kusikiliza.

Na tuwe wakweli. Prince huyohuyo aliitengeneza karibu yote albamu ya kwanza ya The Time mwaka 1981, Morris Day akaweka sauti. Sijawahi kumsikia mshikaji akikatiza dansi ili kumdai Morris Day risiti. Kwa nini? Semeni wenyewe, mimi nimechoka kuwasemea.

Sisi watu wa huku tulipaswa kuelewa upesi. Tumba za bendi zetu za dansi ni ndugu wa damu wa ngoma hizi, na jina lenyewe lilitoka Kuba. Marehemu Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Lakini hebu nitajie wapiga tumba watano. Unawajua waimbaji, unawajua wapiga solo. Mpiga tumba ni "yule wa nyuma". Sheila aliivuta ngoma mbele ya jukwaa, kama Tito Puente kabla yake, akasimama nayo na kuimba juu yake. Hilo peke yake lingetosha kumpa heshima.

Sasa kwenu, waandishi chipukizi. Kila andiko zuri limeguswa na mkono wa mwingine: mhariri, mwalimu, rafiki aliyesema "kata hapa." Ukitaka kuuliza nani kasaidia, uliza wote, wa kiume kwa wa kike, na kabla ya kuuliza, soma kwanza ukurasa wenyewe.

Nami nikiri: miaka ya nyuma swali hilo la Prince niliuliza mimi mwenyewe, kwa sauti, nikicheka. Nililiacha siku ile niliposoma hadithi yangu nikasikia kicheko kilekile kikinirudia.

Kikao kijacho nitasoma nyingine. Nimeiandika mimi.