Ngoma Ilibaki, Lugha Ikapotea: Montevideo Mwanzoni mwa Machipuko

Msafiri anayetaka kuujua mji wa Montevideo, makao makuu ya Uruguay, aghalabu hushauriwa aende mwezi wa Februari. Huo ndio msimu wa jua kali, wa fuo zilizofurika watu na wa kanivali ambayo wenyeji hujivunia kuwa ndefu kuliko zote duniani. Kwa mtalii wa kawaida, ushauri huo ni mwema. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, ni ushauri unaostahili kupingwa. Mtu aliyelelewa katika lugha ya Kibantu anafaa kuuzuru mji huo mwezi wa Septemba, machipuko yanapoanza, kabla ya majukwaa kusimamishwa na tiketi kuuzwa. Wakati huo mji hauigizi. Ndipo mgeni wa aina hiyo atakapoweza kusikia kilichobaki, na zaidi ya yote kilichopotea, cha watu waliofikishwa huko kwa minyororo kutoka Afrika.

Neno "machipuko" lenyewe lahitaji ufafanuzi. Kiswahili kina masika, vuli, kiangazi na kipupwe, majira yanayotokana na mvua, joto na pepo za kusi na kaskazi, wala si na kupukutika kwa majani na kurudi kwake. Isitoshe, msomaji aliyezoea riwaya za Ulaya huyanasibisha machipuko na mwezi wa Aprili. Montevideo iko takriban nyuzi 35 kusini mwa ikweta, na hakuna mji mkuu mwingine wa bara la Amerika ulio kusini zaidi yake. Huko machipuko huanza Septemba, tena kwa kusitasita. Mwishoni mwa Agosti wenyeji huitarajia tufani waliyoipa jina la Santa Rosa, mtakatifu ambaye sikukuu yake huangukia tarehe 30 mwezi huo. Baada ya hapo asubuhi bado huwa na baridi ya nyuzi 10 hivi, na mchana joto hupanda hadi 17 au 18. Ni hali ambayo mkazi wa Limuru hangeishangaa.

Katika baridi hiyo watu hutembea kando ya Rambla, barabara ya pwani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 20, wakiwa wamebana chupa ya maji moto kwapani na kushika mkononi kibuyu kidogo cha kinywaji chao kiitwacho mate. Mbele yao yametanda maji ya rangi ya udongo yasiyoonyesha ng'ambo. Mgeni hudhani ni bahari, na wenyeji wenyewe huyaita hivyo, lakini hayo ni maji ya Río de la Plata, mto ambao mdomo wake una upana wa kilomita 220 hivi. Miti iliyopandwa kandokando ya barabara ndiyo kwanza inatoa majani. Mjakaranda, mti wenye asili ya Amerika ya Kusini ambao huzipamba barabara za Nairobi kwa zambarau ifikapo Oktoba, huko kwao hungoja hadi Novemba ndipo uchanue.

Basi mtu afuate nini katika mji ulio baridi hivyo? Jibu liko katika mitaa miwili mikongwe, Barrio Sur na Palermo. Jumapili jioni, mwaka mzima, vikundi vya wapigangoma hukusanyika barabarani. Kwanza huwasha moto wa karatasi na vipande vya mbao kando ya njia, wakazilaza ngoma kuuzunguka. Jambo hili si mapambo: ngoma zilizowambwa kwa misumari hulegea kwa baridi na unyevu, na moto ndio unaoikaza ngozi hadi sauti ipatikane. Usiku wa Septemba kazi hiyo huchukua muda, na mgeni hupata nafasi ya kusimama karibu na kutazama. Kisha ngoma huning'inizwa begani kwa mkanda, mpigaji akatumia mkono mmoja mtupu na mwingine wenye fimbo, na kundi zima likaanza kutembea polepole.

Ngoma hizo ni za aina tatu. Ipo chico, ndogo kama chapuo, inayoshikilia mapigo yasiyobadilika. Ipo piano, ambayo licha ya jina lake ni ngoma nene inayovuma kama vumi la pwani. Kati yazo ipo repique, inayouliza, inayojibu na inayochokoza. Mchanganyiko wake ndio uitwao candombe. Mwezi wa Februari ngoma hizi hushindanishwa katika maandamano rasmi yaliyoanzishwa mwaka wa 1956, zikiambatana na mavazi ya kumetameta na waamuzi wenye kalamu. Mwezi wa Septemba hakuna mwamuzi. Jirani hufungua dirisha, mtoto hufuata nyuma akipiga kopo, na bibi kizee hucheza hatua tatu mlangoni kisha akarudi kwenye chungu chake.

Wahenga walisema kuwa mwacha mila ni mtumwa. Ifikapo Montevideo, methali hiyo hugeuka juu chini, kwani huko aliyefanywa mtumwa ndiye aliyekataa kuiacha mila. Mwaka wa 1791 ufalme wa Uhispania uliiteua Montevideo kuwa bandari ya kuingizia watumwa katika eneo lote la Río de la Plata. Wengi waliopitia hapo walitoka Angola na Kongo, na wengine walisafirishwa kutoka Msumbiji, pwani ile ile ya Bahari ya Hindi ambayo Kiswahili kilikuwa kikisikika katika bandari zake za kaskazini. Walijikusanya katika vyama walivyoviita "mataifa", kila kimoja na ukumbi wake na mfalme wake wa kuchaguliwa: taifa la Kongo, taifa la Benguela, taifa la Msumbiji. Tarehe 6 Januari, sikukuu ya Wafalme, walipewa ruhusa ya kuandamana na ngoma zao.

Utumwa ulipigwa marufuku mjini humo mwaka wa 1842. Vyama viliendelea kwa miongo kadhaa, lakini wazee waliozaliwa Afrika walipomalizika, lugha zao zilikosa warithi. Ngoma ilirithika kwa sababu mtoto aliweza kujifunza akiwa nyuma ya babaye barabarani. Lugha ilihitaji zaidi ya hapo. Ilihitaji nyumba ambamo mama hakuamriwa kusema na watoto kwa Kihispania cha bwana wake, na wasemaji wa kutosha wa lugha moja, ilhali watumwa walichanganywa kutoka kila upande.

Hata hivyo, lugha hazikufa bila kuacha nyayo, na hapa ndipo sikio la mwanafunzi wa Kiswahili lina kazi ambayo sikio la mtalii haliwezi. Chukua neno milonga, ambalo katika nchi za Río de la Plata ni jina la aina ya muziki na dansi. Asili yake hutafutwa katika Kimbundu cha Angola, ambamo mulonga ni neno na milonga ni maneno. Msomaji ataitambua mara moja ngeli ya M-MI, na huenda akakikumbuka pia kitenzi "longa" cha Kiswahili, yaani kuzungumza. Wasemaji wa Kihispania, kwa kutojua kwamba wamepokea wingi, waliongeza wingi mwingine juu yake wakasema milongas. Ni kosa la kupendeza, tena lina ndugu nyumbani: Waswahili nao walilipokea neno la Kiarabu "kitabu", wakalidhania lina kiambishi cha ngeli, wakazaa "vitabu".

Maneno mengine hayapendezi hivyo. Mucama, katika Kihispania cha eneo hilo, ni mtumishi wa ndani wa kike. Neno hilo lilitoka katika Kimbundu kupitia Kireno cha Brazil. Msomaji wa kutoka Uganda atashtuka, kwa kuwa kwake Mukama ni Bwana, tena Bwana Mungu. Yafaa atahadhari, kwani mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa undugu wa maneno. Quilombo nalo ni neno la Kimbundu lililomaanisha kambi ya wapiganaji. Nchini Brazil likawa jina la makazi ya watumwa waliotoroka na kujitawala, kama yale ya Palmares. Lilipofika Río de la Plata likawa danguro, na leo hutumika kumaanisha vurugu au fujo. Neno la watu waliojikomboa limegeuzwa kuwa jina la uchafu.

Hapo pana funzo la semantiki ambalo halipatikani kwa urahisi darasani: maana ya neno hufuata cheo cha anayelisema. Jamii iliyowadharau Waafrika iliyachukua maneno yao ikayashusha hadi jikoni, danguroni na kwenye fujo, kisha ikayasahau yalikotoka. Wenye Kiswahili hawana sababu ya kunyoosha kidole kwa kiburi, maana kamusi zao nazo zimehifadhi neno "mshenzi" na historia yake ya kuwadunisha watu wa bara.

Wapo watakaosema kwamba maombolezo haya hayana msingi. Watadai kuwa ngoma yenyewe ni lugha, kwamba repique huuliza na piano hujibu, na kwamba kilichobaki kinatosha. Hoja hii ina uzito, na wapigangoma wa Barrio Sur wenyewe huitetea. Lakini historia ya karibuni haiiungi mkono kikamilifu. Katika mtaa huo lilikuwapo jengo la kupangisha lililoitwa Mediomundo, ambamo familia nyingi za Waafro-Uruguay ziliishi na ambamo mojawapo ya mitindo mikuu ya candombe ililelewa. Mwezi wa Desemba 1978, chini ya utawala wa kijeshi wa 1973 hadi 1985, wakazi walifukuzwa na jengo likabomolewa. Wakazi wa Ansina, katika mtaa wa Palermo, nao hawakusalimika. Wakati huo huo candombe ilikuwa imekwisha kukubaliwa kuwa fahari ya taifa zima. Mchoraji Pedro Figari, aliyefariki mwaka wa 1938, alikuwa ameipa umaarufu kwa picha zake, na maandamano ya Februari yalikuwa na zaidi ya miaka 20. Taifa liliipenda ngoma, likambomolea nyumba mpigangoma.

Mwaka wa 2006 bunge liliifanya tarehe 3 Desemba, siku ya kukumbuka kufukuzwa huko, kuwa siku ya kitaifa ya candombe na ya usawa wa rangi. Mwaka wa 2009 UNESCO iliiingiza candombe katika orodha ya turathi za binadamu. Mwaka wa 2013 sheria nyingine iliamuru asilimia 8 ya nafasi za kazi serikalini zitengewe watu wenye asili ya Afrika, kiwango kinachokaribiana na idadi yao katika sensa ya 2011. Kati ya hatua hizo tatu, ile ya mwisho ndiyo nzito zaidi ingawa haina shangwe. Heshima kwa ngoma hupimwa kwa hali ya mpigaji.

Kiswahili nacho kina siku yake. Mwaka wa 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka hotuba husomwa, khanga huvaliwa na mashairi hughaniwa. Ni vyema. Montevideo, hata hivyo, inatoa onyo: kusherehekewa si kuthaminiwa. Lugha huweza kupigiwa vigelegele jukwaani siku moja, kisha ikakosa kazi ofisini, mahakamani na maabarani siku 364 zilizosalia. Candombe iliokolewa na kundi la majirani wasiokosa Jumapili, hata palipokuwa na baridi na hapakuwa na mtazamaji.

Ipo kazi mahususi inayowangoja wasomi wa Kiswahili. Waafro-Uruguay wana fasihi andishi, na wachache mno Afrika Mashariki wamewahi kuisikia. Jacinto Ventura de Molina, mtu mweusi aliyefariki mwaka wa 1841, aliacha miswada mingi kwa mkono wake mwenyewe. Jarida la Nuestra Raza lilichapishwa na Waafro-Uruguay mwaka wa 1917, likafufuliwa Montevideo kati ya 1933 na 1948. Virginia Brindis de Salas alitoa diwani yake Pregón de Marimorena mwaka wa 1946, na Pilar Barrios akaitoa Piel negra mwaka uliofuata. Wote waliandika kwa Kihispania, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha waliyoachiwa.

Kuyafasiri maandishi hayo moja kwa moja kutoka Kihispania, bila kupitia Kiingereza, ni jambo linalowezekana. Linahitaji idara za Kiswahili zishirikiane na walimu wa Kihispania waliomo katika vyuo hivyo hivyo, na linahitaji mwanafunzi mmoja au wawili wa uzamili watakaothubutu kuchagua mada ambayo haijazoeleka. Mfasiri atakayefanya hivyo asiridhike na kamusi. Aende Septemba, akae mitaani majuma machache, aulize maneno yanavyotumika jikoni na barabarani, kisha aandike. Watu wa Barrio Sur walinyang'anywa lugha ya Kibantu bila ya hiari yao. Kusomwa katika lugha mojawapo ya Kibantu hakutawarudishia waliyoipoteza, lakini kutaonyesha kwamba upande huu wa bahari kuna aliyesikia.