Kashata Nene Haifichi Umri

Anayewashauri wenye magari ya familia hapa Busia na Malaba wanunue tairi za mtumba ana hoja moja: bei ni nafuu na kashata bado nene. Bei, sawa. Lakini kashata haisemi lolote kuhusu umri. Raba hukauka na kupasuka hata tairi ikikaa tu stoo. Inama usome ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2315 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Ati “imetoka Japani, haina shida”! Tangu lini Japani ikazuia raba kuzeeka? Tairi hiyo ndiyo itakayobeba watoto hadi Kisumu, jua kali, gari limejaa. Pesa zikiwa chache, nunua mbili mpya, uzifunge nyuma. Muuzaji akikukataza kusoma tarehe, mwachie tairi zake.