Kompyuta "imekula" orodha: nani anakagua hadidiski za ofisi zetu vijijini?

Kuna sentensi inayosikika sana maofisini siku hizi, uwe Manyoni, Kiomboi au Nduguti: "Kompyuta imegoma, rudi wiki ijayo." Aliyekuja kwa bodaboda anageuza. Wiki ijayo anaambiwa fundi kaichukua. Wiki inayofuata anaambiwa orodha imepotea, aandikishwe upya. Simu za namna hiyo zinaingia mara kwa mara kwenye kipindi chetu, na karibu kila anayepiga anauliza jambo lilelile: kompyuta inawezaje kusahau?

Mara nyingi kilichogoma si kompyuta nzima. Ni hadidiski, kile kisanduku kidogo ndani ya mashine kinachotunza kila kilichoandikwa. Hiki huzeeka na huchoka, tena mara nyingi hutoa dalili kabla hakijafa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kuziangalia hizo dalili.

Tutenganishe kwanza mambo mawili, maana watu huyachanganya. Mifumo mikubwa ya Serikali, kama ule wa mapato na matumizi ya shule na zahanati unaoitwa FFARS, inafanya kazi kwa intaneti. Taarifa zake hazikai kwenye kompyuta ya kijijini. Kompyuta ya mwalimu mkuu ikiungua leo, kesho anaingia kwa kompyuta nyingine na kukuta hesabu zake zilezile. Kwa hiyo anayekwambia kila kitu kimepotea, muulize ni kitu gani hasa.

Kinachopotea ni vile vidogo ambavyo havina mfumo. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia fulani apewe ekari zake. Orodha ya waliochangia darasa au josho. Matokeo ya mitihani ya majaribio. Uzito wa dengu au ufuta wa kila mkulima, uliochapwa na karani wa AMCOS usiku kucha. Mazao yakiuzwa kwa stakabadhi ghalani mkulima halipwi papo hapo. Anasubiri mnada, halafu analipwa kwa kufuata orodha. Orodha hiyo ikiwa kwenye mashine moja tu, basi malipo ya kijiji kizima yanategemea afya ya kisanduku kisichozidi ukubwa wa kiganja.

Ndani ya hadidiski ya kawaida kuna visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake kuna kichwa kinachosoma na kuandika bila kugusa, kikielea kwa nafasi nyembamba kuliko unywele wa kichwani. Pia kuna daftari la ndani linaloonyesha kila faili limewekwa wapi. Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika, maandishi yanabaki nusu na daftari linapishana na kilichopo. Hilo ni kosa la aina ya kwanza, na mara nyingi linarekebishika. Aina ya pili ni sehemu ya sahani yenyewe kuharibika. Hapo hakuna programu inayoweza kuiponya. Kompyuta inachofanya ni kuiwekea alama ili isiitumie tena.

Kwetu Singida, umeme ndio adui wa kwanza. Tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani, na miezi kabla ya hapo tulikuwa kwenye mgao. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limepunguza shida ya uzalishaji, lakini laini ya kwenda kijijini bado inapita kwenye upepo, radi na nguzo zilizoinama. Ofisi nyingi zinatumia kompyuta za mezani zisizo na betri wala UPS, kwa hiyo kila umeme ukikatika, mashine inazimwa kwa kupigwa rungu. Kisha kuna vumbi letu la kiangazi. Haliingii kirahisi kwenye sahani, lakini linaziba feni, mashine inapata joto na kujizima yenyewe. Matokeo ni yaleyale.

Sasa ukaguzi wenyewe. Kompyuta yenye Windows tayari ina chombo cha kazi hiyo na hakinunuliwi. Mhudumu anafungua sehemu yenye diski, anabonyeza kitufe cha kulia cha mausi, anachagua Properties, kisha Tools, kisha Check. Mafundi wao hutumia amri iitwayo chkdsk. Ikiendeshwa yenyewe bila nyongeza, inasoma na kutoa taarifa tu. Ikiongezewa herufi f inarekebisha daftari. Ikiongezewa r inapitia sahani yote kutafuta sehemu mbovu, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi.

Hapa ndipo mafundi wengi wa mitaani wanapoharibu, na nalisema bila kuwaonea. Wanapokea mashine inayolia "tik, tik, tik", wanaipa amri ya kurekebisha usiku mzima, asubuhi imekufa kabisa. Hadidiski iliyochoka ukiilazimisha kupitia kila sehemu yake unaimalizia pumzi. Na hata isipokufa, urekebishaji unaweza kukuachia vipande vya mafaili visivyo na majina, ukaanza kubahatisha kipi ni orodha ya pembejeo na kipi ni barua ya likizo. Utaratibu sahihi ni kunakili kwanza kilicho muhimu, kukagua baadaye. Fundi asiyekuuliza nakala iko wapi kabla hajaanza, mnyang'anye mashine.

Hadidiski pia hujiwekea kumbukumbu za afya yake: saa ilizowashwa, sehemu mbovu ilizozikwepa. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa hadidiski zaidi ya 100,000. Waligundua kuwa diski ikionyesha kosa la kwanza kwenye upekuzi wa sahani, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ile isiyo na kosa. Lakini zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote kati ya zile zilizofuatiliwa. Kwa maneno mengine, ukaguzi unasaidia sana, ila hauchukui nafasi ya nakala ya pili.

Hizo saa za kuwashwa ni muhimu pia kwa anayenunua kompyuta ya mtumba. Tangu Microsoft isitishe huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi duniani zinabadilisha mashine, na zile za zamani lazima ziende mahali. Mwambie muuzaji akuonyeshe saa za diski. Mwaka mzima una saa 8,760. Ukikuta 40,000, hiyo imefanya kazi zaidi ya miaka minne usiku na mchana, hata kama kava lake linang'aa.

Je, kazi hii ni ya nani? Halmashauri zina maofisa wa TEHAMA, lakini wako makao makuu ya wilaya, na mtendaji wa kijiji hakufundishwa haya. Hata hivyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisipotee kwa uzembe. Wengi wanaizungumzia sheria hiyo kwa habari za wizi wa mitandaoni tu. Mimi naona orodha iliyopotea kwa kukosa nakala nayo inaihusu.

Gharama si kisingizio kizito. Flashi ya kuwekea nakala bei yake inakaribia debe la mahindi msimu mbaya. Iwekwe kwenye kabati la ofisi nyingine, isiachwe imechomekwa palepale.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria hufanyika kila miezi mitatu, na hapo ndipo pa kuuliza. Nakala ya muhtasari wa mkutano uliopita iko wapi, mbali na kwenye ile kompyuta? Diski ilikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani? Wana-AMCOS waulize hivyohivyo kabla mizani haijafunguliwa. Na kile kitabu cha karatasi chenye sahihi za wajumbe kiendelee kuandikwa.